Kabla ya Bembea: Kujenga Kiwanja cha Watoto Mumosho kwa Mikono ya Wanakijiji



Wiki hii wenzetu wawili waliniuliza swali lilelile: eti kujenga kiwanja cha watoto kucheza kijijini kunaomba franga ngapi? Najibu hapa ili tusome wote. Franga zinazohitajika ni kidogo kuliko munavyofikiri. Kinachokula muda ni vitu vingine: udongo, karatasi, na watu watakaokuja kazini bila kulipwa.

Natoa mfano wa Mumosho kwa sababu ndiko kikundi chetu kinakofanyia kazi. Kwa wasiopajua, Mumosho ni groupement ya teritwari ya Kabare, kusini mwa Bukavu, kwenye milima inayoshuka hadi mto Ruzizi. Ng'ambo ya mto ni Rwanda. Bwawa la umeme la Ruzizi II, lile la Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, liko pande hizohizo. Watu wanaishi kwa kulima. Udongo ni mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni, na pahali pa tambarare ni pachache sana. Kila mtu anapataka: kanisa, shule, soko, mwenye shamba. Katika foleni hiyo mtoto hana wa kumsemea.

Swali la kwanza utakaloulizwa na bamama wa kijiji ni hili: batoto si banacheza kila siku, sasa munataka kubafundisha nini? Ni swali la haki. Usilijibu kwa hotuba. Najua ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, na nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, iliukubali mkataba huo mwaka 1990. Najua pia kwamba mwaka 2013 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ilitoa maelezo marefu juu ya ibara hiyo moja, kwa sababu serikali nyingi zilikuwa zinaipita kama haiko. Hayo yaweke kwenye barua ya kuomba msaada. Kwa mama anayetoka shambani, jibu ni pikipiki.

Watoto wetu wanacheza barabarani kwa sababu barabara ndiyo tambarare yao. Shamba limepandwa, uwanja wa kanisa umefungwa, mlima umeinama. Kinachobaki ni njia ya gari. Mpira wa majani ya ndizi ukiviringika, mtoto anaufuata bila kuangalia. Wasichana wanaocheza nzango, ule mchezo wa kupiga makofi, kuimba na kurusha mguu mbele ya mwenzako, hawahitaji kifaa hata kimoja. Wanahitaji mita chache za udongo uliosawazishwa na kuondolewa mawe. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kiwanja ni tambarare yenyewe, na ukiwa na tambarare tu, bila bembea, bila rangi, tayari umefanya nusu ya kazi.

Wenzetu wanaongoja kontena la vifaa kutoka Ulaya wanapoteza muda. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya Wajerumani, mchoraji wa bustani C. Th. Sørensen alifungua kiwanja pahali paitwapo Emdrup, Copenhagen. Alikuwa ameona kwamba watoto wanaviacha viwanja vizuri alivyochora na kwenda kucheza kwenye mabaki ya ujenzi. Basi akawapa mbao, matofali na vitu vilivyotupwa, wakajijengea wenyewe. Karibu na sisi, huko Jinja, Uganda, shirika la East African Playgrounds (leo linaitwa Play Action International) lilijenga viwanja shuleni likitumia mafundi wa palepale na mipira ya gari iliyochakaa, na wenyeji wakitoa mikono yao. Hakuna kitu hapo ambacho Bukavu haina.

Sasa pahali. Hapa naomba musome polepole. Msichana wa miaka tisa wa Mumosho hana "saa ya kucheza" kama mtoto wa Muhumba. Anatumwa maji, anabeba mdogo wake mgongoni, anarudi kupika. Ukijenga kiwanja mbali na njia yake ya kila siku, umejenga kiwanja cha wavulana. Ukikijenga karibu na pahali pa kuchota maji, ile nusu saa ya kupanga foleni ya bidoni inageuka kuwa ya kucheza, na mdogo wake anateremshwa mgongoni akae kivulini. Sisi tulianza kwa kuchora njia za watoto: nani anapita wapi, saa ngapi, na nini kichwani. Kazi ya asubuhi mbili tu, na ilibadilisha kabisa pahali tulipokuwa tunafikiria. Bazee walikuwa wanapendekeza kilimani, karibu na barza yao, pahali pazuri pa kuonyesha wageni.

Udongo ni wa nani? Waliosoma sheria watasema haraka: sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini sheria hiyohiyo iliacha mashamba ya kimila yangoje amri ya Rais ya kuyapangia utaratibu, na mpaka leo watu wa vijijini wanaishi kwa desturi. Kwetu Bushi, desturi hizo zina majina, na kila mmoja wenu anayetaka kujenga kitu kijijini azijue. Kalinzi ni ile ambapo mtu anampa chefu zawadi, zamani ng'ombe, siku hizi mara nyingi franga, naye anapata haki ya kukaa na kuwaachia watoto wake. Bwasa ni kuazimwa shamba kwa msimu: unalima maharagwe, unavuna, unarudisha, na kwa kawaida huruhusiwi kupanda kitu cha kudumu kama migomba au miti.

Munaona tatizo? Nguzo ya bembea iliyozamishwa ndani ya simenti ni sawa na mgomba. Ni kitu cha kudumu. Mtu akikupa pahali kwa moyo wa bwasa, na wewe ukapapokea kwa akili ya kalinzi, siku moja mutagombana, na mwenye haki atakuwa yeye. Kwa hiyo muulizeni wazi, mbele ya watu: unatupa au unatuazima? Kwa miaka mingapi? Ukifa, watoto wako wanajua? Kisha karatasi. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa Mashi kwa sauti, itiwe saini na mwenye shamba, mke wake, watoto wake wakubwa, chefu wa kijiji, na majirani wa pande zote nne. Vipimo viwe vya mita, si "kutoka kwenye ule mti mpaka kwa nyumba ya fulani", maana mti unakatwa. Karatasi hiyo haiko sawa na cheti cha usajili cha ofisi ya ardhi, na musiwadanganye watu kwamba iko sawa. Ni ushahidi wa mapatano, basi. Lakini kiwanja kilichosawazishwa na watu mia moja bila karatasi ni zawadi kwa kijana wa kwanza atakayerudi kutoka mjini na kusema "hapa ni kwa babu yangu". Shamba lililokuwa mwinamo wa mawe sasa ni parseli safi, tayari kwa nyumba. Bei yake mumeipandisha ninyi.

Njia nyepesi ni kujenga ndani ya uwanja wa shule au parokia, ambako karatasi mara nyingi ziko tayari. Ubaya wake ni kwamba mtoto asiyesoma, ambaye wazazi hawakupata franga za masomo, anabaki nje ya ua akiangalia wenzake. Ikibidi kuchagua shule, basi andikeni kabisa kwenye mapatano saa ambazo mlango unafunguliwa kwa wote.

Nafika kwenye wafanyakazi wa kujitolea, jambo linalowashangaza sana wenzetu wanaotoka kwenye semina. Neno "kujitolea" kijijini lina kivuli. Bazee wanakumbuka salongo ya enzi za Mobutu, miaka ya 1970, kazi ya pamoja iliyoamriwa kutoka juu: kusafisha barabara, kulima shamba la Leta, na usipokuja unapata makambo. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda wana umuganda wao, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na huo nao ni wa lazima. Kwa hiyo kijana mwenye diploma akifika na kusema "kesho tuna salongo", mtu mzima hasikii upendo wa kijiji. Anasikia amende. Halafu kuna kivuli cha pili, kipya zaidi: miaka hii yote ya mashirika, watu wamezoea kwamba mkutano una "transport". Watakuuliza: iko na transport? Wala si tamaa. Siku moja ya mama kwenye kiwanja chako ni siku moja ambayo hakulima, na chakula cha jioni kinatoka palepale.

Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuwaachia watu uamuzi kabla ya kuwaomba mikono. Kwetu watu tayari wanajua kujipanga bila kulazimishwa. Angalia kirimba, ile ya kuchanga na kupeana kwa zamu. Angalia watu wanavyokuja kwenye msiba. Hakuna anayepigiwa filimbi. Wanakuja kwa sababu zamu ya kila mmoja inajulikana na itafika. Tumia njia hiyo. Kila nyumba kumi ziwe na siku yao, wachague wenyewe kazi gani, na mambo yaandikwe kwenye daftari moja ambalo kila mtu anaweza kuliomba. Chakula kiko kwenye bajeti kuliko kitu kingine chochote: bugali, maharagwe, chumvi, mafuta. Kasiksi ingoje mpaka nyundo zimewekwa chini.

Na pigeni hesabu kabla ya kuita watu, kwa sababu kumwita mtu kisha akakuta hakuna jembe ni kumtukana. Nitoe hesabu moja. Shimo la michanga chini ya bembea na mtelezo, tuseme mita 4 kwa 4, kina sentimita 30. Hiyo ni mita za ujazo 4.8. Mita moja ya ujazo ya michanga ina karibu kilo 1,600, basi jumla ni karibu kilo 7,700. Kama kila safari mtu anabeba kilo 25, ni safari zaidi ya 300. Watu 40 wakigawana, kila mmoja anaenda mara nane. Kutoka mtoni, kupanda mlima.

Sasa niambieni nani atabeba. Munajua jibu. Kwetu ni bamama, kamba kwenye paji la uso, mgongo umeinama, wakati bababa wanasimama kujadili pahali pa kuweka kibao chenye majina. Sitaki kuhubiri, lakini kiwanja ambacho michanga yake yote imebebwa na wanawake, na kamati yake yote ni wanaume, hakitafika mwaka wa pili. Waliobeba hawakuulizwa neno, basi kikiharibika hawatasema neno. Sisi tulisema safari nane ni kwa kila mtu mzima mwenye nguvu, na wanaume kwanza. Kuna walioona aibu, kuna waliocheka. Michanga ilifika.

Muda wa kazi: Juni mpaka Agosti, kiangazi chetu. Udongo ni mkavu, watoto wako vakansi Julai na Agosti, na shamba halivuti watu sana kama Septemba, mvua ikianza na kila mtu akitaka kupanda. Usianze kuchimba mlima mwezi wa kumi. Mvua moja ya Bukavu inatosha kushusha kazi ya wiki mbili kwenye nyumba ya jirani. Hata kiangazi, ukikata ngazi kwenye mwinamo, chimba mfereji upande wa juu ili maji yapite pembeni, na panda majani kama setaria kwenye ukingo siku hiyohiyo, si mwaka ujao.

Mwinamo wenyewe, ambao sote tunaulalamikia, ndio utajiri wa Mumosho. Mtelezo wa watoto kwa kawaida unaomba mnara na ngazi, na hatari yote iko pale juu: mtoto anasukumwa, anaanguka mita mbili. Ukiulaza mtelezo juu ya mgongo wa mlima, mnara hauna kazi tena. Watoto wanapanda kwa miguu kwenye vidaraja vya mawe, wanateleza kwenye simenti iliyolainishwa vizuri, na popote watakapotoka pembeni wanakuta majani. Bati ni rahisi kuliko simenti, lakini saa sita ya kiangazi bati linaunguza mapaja. Mwinamo usizidi digrii 30. Kwa fundi asiye na kifaa cha kupima, sema hivi: kila mita moja ya kushuka, urefu wa mtelezo uwe angalau mita mbili. Mwisho wake ulale, mtoto apunguze mwendo kabla ya kufika kwenye michanga.

Bembea (wengi tunasema balansuari) inakula nafasi kuliko inavyoonekana. Kama boriti ya juu iko mita 2 kutoka chini, acha mita 4 mbele na mita 4 nyuma bila kitu, bila njia ya watu, bila jiwe. Viti viwili tu kwa kila fremu. Cha tatu kikiwekwa katikati, yule wa katikati hana njia ya kutoka bila kupigwa. Kiti kiwe cha kipande cha mpira wa gari, si ubao, kwa sababu atakayepigwa nacho kichwani ni yule mdogo aliyekuja kuangalia dada yake.

Kuna vipimo viwili ambavyo fundi wa madirisha hawezi kuvijua, maana dirisha halipandwi na mtoto. Kwanza, nafasi kati ya nguzo au fito: iwe chini ya sentimita 9 au zaidi ya 23. Katikati ya hapo mwili wa mtoto unapita, kichwa kinakwama, na anabaki ananing'inia. Pili, michanga: sentimita 30, na ifukuliwe mara kwa mara, kwa sababu ikikanyagwa na kunyeshewa inakuwa ngumu kama barabara.

Mipira ya gari ni ya bure au karibu na bure kwenye gereji za mjini, lakini chagueni. Ile ambayo waya zake za chuma zimeanza kutokea inakata kama wembe. Ile nzima mutoboe matundu chini, la sivyo inashika maji ya mvua na munafuga mbu pahali watoto wanakaa. Miti ya karatusi iko, ni imara, lakini itolewe magamba na ikauke kwanza. Wengi wanapaka mafuta machafu ya moteri ili isioze. Kwa ua wa ng'ombe, sawa. Kwa nguzo ambayo mtoto anaikumbatia kisha anakula muhogo bila kunawa, hapana. Bora simenti ya msingi ipande kidogo juu ya udongo, iwe na mwinamo mdogo kuzunguka nguzo ili maji yashuke. Mti unaozea palepale unapotoka ardhini. Ukilinda pale, umelinda nguzo.

Kinachobaki ni mwaka wa pili. Mashirika mengi yanapiga picha siku ya kufungua, na ile ndiyo ripoti. Minyororo inalika pale pete inaposuguana na pete, taratibu, bila kelele. Boloti zinalegea. Mtu atakuja usiku kukata mnyororo auze kama chuma kichakavu, kwa hiyo mkaeni na wauza vyuma wa karibu muongee nao mapema. Kamati ya watu watano inatosha, angalau watatu wawe bamama wanaopita pale kila siku kuchota maji, na mmoja awe kijana wa miaka 15 au 16, kwa sababu yeye ndiye atakayepanda juu ya boriti kuangalia. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wapite na ufunguo, wakaze boloti, watikise kila nguzo, waandike tarehe kwenye daftari lile la zamu. Mchango mdogo wa kila nyumba uwekwe ndani ya kirimba iliyopo, kama sanduku lake la pembeni. Musianzishe chama kingine, viko vingi na vinachosha.

Na kamati iwe na ruhusa moja iliyoandikwa: bembea ikivunjika ishushwe siku hiyohiyo, isingoje franga za kuitengeneza. Nguzo mbili zikibaki zimesimama peke yake, jioni hiyo watoto watakuwa wamezigeuza goli.